Malalamiko kuhusu safari ya farasi Lesotho: fomu zetu za afya hazikufika

Dar es Salaam
8 Julai 2024

Meneja wa Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: SAFARI YA FARASI YA SIKU NNE, SEMONKONG, LESOTHO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mmoja wa wastaafu sita mliotupeleka Lesotho mwezi Juni. Mdogo wetu ana miaka 63, mkubwa wetu 72. Malalamiko yetu ya kwanza mliyajibu kwa mistari minne, mkasema yaliyotupata ni "mambo ya kawaida kwa watu wa umri wenu". Jibu hilo limeniuma kuliko safari yenyewe, ndiyo maana naandika tena.

Umri wetu mliujua tangu mwanzo. Mwezi Machi mlitupa fomu yenye maswali ya umri, uzito, magonjwa, dawa na uzoefu wa kupanda farasi. Tuliijaza kwa ukweli. Dada yetu mwenye miaka 71 aliandika kwamba nyonga yake ya kushoto ni ya bandia na kwamba hawezi kurusha mguu juu ya farasi akiwa amesimama chini. Mimi niliandika dawa zangu za shinikizo la damu. Tukakubaliana kupanda kwa muda wa saa tatu tu kwa siku, farasi wapole, na kila mmoja kofia ngumu inayomtosha. Wenzangu watatu walikwenda hadi Arusha kujifunza kwa wiki mbili, kwa gharama zao. Hatukuwa tunabahatisha.

Asubuhi ya kwanza kiongozi wetu, kijana Msotho mwenye adabu sana, alitutazama, kisha akatazama karatasi yake. Nikamwomba nami niione. Ilikuwa na majina yetu, namba za pasipoti, na maneno haya tu: watu wazima sita, wanajua kupanda. Hakukuwa na umri, nyonga wala dawa. Aliniambia, "Ntate, tungejua, tungewapangia njia nyingine." Ntate ni baba, na alilitamka kwa heshima hasa. Sina lawama hata chembe kwake wala kwa wenyeji wetu. Waliandaa safari ya vijana kwa sababu ninyi hamkuwaambia kwamba tunaokuja ni wazee.

Farasi wa Kisotho ni mdogo wa umbo, lakini milima anaijua. Anapita kwenye mawe ambayo mimi nisingepita hata kwa miguu, na hajikwai. Kazi ilikuwa kwetu tulio juu yake. Siku ya kwanza tulikaa kwenye matandiko muda wa saa sita, tukipanda na kushuka mabonde. Mteremko unakutaka uegemee nyuma na kukaza mapaja, uzito wote ukishukia magotini na kwenye vikuku vya kukanyagia. Mtu wa miaka thelathini anaamka kesho yake akiwa na maumivu kidogo. Mtu wa miaka sabini anahitaji kushuka kila baada ya saa moja hivi, atembee, damu irudi miguuni. Anahitaji pia kigoda au jiwe la kupandia, na hilo linamsaidia hata farasi, maana kumpanda kutoka chini kunavuta tandiko upande mmoja wa mgongo wake. Dada yetu alibebwa na vijana wawili kila alipopanda na kila aliposhuka, mbele ya watu. Alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi. Alinyamaza kimya, na sisi tunaomfahamu tulijua maana ya kimya kile.

Kuhusu baridi, mlituambia sweta moja linatosha. Semonkong iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na Juni kule ni kipupwe. Maji kwenye ndoo yaliganda usiku. Mama wa nyumba tuliyolala alitufunika mablanketi yake mwenyewe.

Siku ya tatu tulifika kwenye maporomoko ya Maletsunyane, maji yanayoanguka mita 192, mvuke wake ukipanda kama moshi. Ndiyo safari tuliyoiwekea akiba miaka miwili. Dada yetu hakuyaona. Jioni ya siku ya pili miguu yake ilikuwa imekufa ganzi, na alipokuwa akishushwa iliteleza, akaangukia mkono. Alipelekwa Maseru kwa gari, kilometa zipatazo 120, na picha ya eksirei ikaonyesha ufa kwenye kifundo cha mkono.

Hakuangushwa na umri wake. Aliwaeleza mapema kila kitu mlichohitaji kujua, nanyi mkakiacha kwenye faili ofisini.

Tunadai mambo matatu: gharama zote za matibabu yake, ambazo risiti zake nimeambatisha, nusu ya nauli ya kila mmoja wetu, na barua ya kumwomba radhi yeye binafsi, itakayofuta yale maneno kuhusu umri. Pia mtueleze kwa maandishi fomu za afya za wateja wenu hupelekwa kwa nani. Nasubiri majibu ndani ya siku 14, la sivyo tutalifikisha suala hili Tume ya Ushindani.

Wenu,

Mwalimu mstaafu, kwa niaba ya wenzangu watano