Tibet haikuinuliwa na volkano

Ndugu Mhariri,

Ni msomaji wako wa miaka mingi na sijawahi kukuandikia. Makosa madogo madogo nimeyafumbia macho, kwa kuwa najua chumba cha habari kina haraka zake. Ila ile makala ya ukurasa wa kati, iliyoeleza chanzo cha tetemeko la Tibet la Januari 7, 2025, imenishinda kuimeza.

Mwandishi wako anasema nyanda za juu za Tibet zilisukumwa na moto wa volkano kutoka chini, sawa na nyanda zetu za Afrika Mashariki, na kwamba hadi leo hakuna ajuaye kilichopo chini yake. Juu ya maneno hayo mkaweka picha ya Kilimanjaro.

Hakuna sehemu ya maelezo hayo iliyo sahihi. Kiasi cha miaka milioni 50 iliyopita, India ilifika ikitokea kusini na kuigonga Asia. Bara si kama sakafu ya bahari. Miamba yake ni myepesi, haididimii kirahisi ikapotea ndani ya dunia. Kwa hiyo ganda la dunia lilikunjwa, likapandana, likanenepa. Leo chini ya Tibet lina unene wa kilomita 70 hivi, karibu mara mbili ya ganda la kawaida la bara. Hicho ndicho kilichoinua eneo la kilomita za mraba zipatazo milioni 2.5, kubwa kuliko Tanzania mara mbili na nusu, ambalo wastani wake wa mwinuko, mita 5,000 hivi, unapita kilele cha Mlima Meru. Na India haijasimama. Bado inasogea kaskazini kwa sentimita 4 hadi 5 kila mwaka, na bamba lake, yaani pande kubwa la miamba migumu linaloibeba, limepenya chini ya Tibet kwa mamia ya kilomita.

Kwetu ni kinyume. Huku ganda linavutwa na kupasuka, na mantili, tabaka la miamba lililo chini ya ganda, ikiwa na joto inalibeba kutoka chini. Chini ya Turkana, kaskazini mwa Kenya, limebaki na kilomita 20 tu. Utalinganishaje ganda la 70 na la 20 ukasema vimeinuliwa na kitu kimoja?

Na hilo la kwamba hakuna ajuaye kilichopo chini! Wapima ardhi wa Kiingereza huko India waligundua karne ya 19 kwamba milima ya Himalaya inavuta timazi, ule uzi wenye uzito wa kupimia wima, kidogo sana kuliko hesabu zilivyotaka. Mwaka 1855 mnajimu wa Kiingereza George Airy, mtaalamu wa elimu ya nyota, akaeleza sababu: chini ya milima kuna mzizi wa miamba myepesi uliozama ndani ya miamba mizito zaidi, kama gogo nene linaloelea, ambalo sehemu yake kubwa imo majini. Kuanzia 1992, wanasayansi wa China na Marekani katika mradi wa INDEPTH walitega vyombo vyao kusini mwa Tibet na kusikiliza mawimbi ya mtetemo yanayorudi kutoka chini. Mawimbi yaliyorudi kutoka kina cha kilomita 15 hadi 20 yakaonyesha dalili za miamba iliyoanza kuyeyuka, na vipimo vya umeme wa ardhini vikaonyesha hivyo hivyo. Miamba hiyo haiyeyushwi na volkano. Ganda likinenepa kiasi hicho hujipasha moto lenyewe, maana madini yenye mionzi yaliyomo hutoa joto na unene wenyewe hulizuia lisitoke. Likilainika halina tena nguvu za kuubeba mwinuko ule, linaanza kutanuka kuelekea mashariki na magharibi. Ndiyo maana Tibet yenyewe imechanika kwa mabonde yanayokwenda kaskazini hadi kusini, na tetemeko la Januari lilitokea kwenye mpasuko wa namna hiyo, upande mmoja ukashuka. Mwandishi wako alikuwa na habari hii yote mezani, akaandika volkano. Wajiolojia bado wanabishana, kwa mfano kama sehemu ya chini ya bamba la Asia ilimeguka ikazama. Lakini hawabishani kama India iliigonga Asia.

Nisingefika hapa kama gazeti lako lingeishia mezani kwangu. Mjukuu wangu yuko kidato cha tatu. Kwenye jaribio la jiografia waliulizwa Tibet iliinukaje, akajibu kwamba ni mabara mawili kugongana na ganda kunenepa. Akapigwa mkasi. Nikaenda shuleni kwa heshima zote, nikiwa na kipande cha mwamba nilichokitoa milima ya Uluguru, hapa Morogoro, enzi nikiwa kazini: mistari myeusi na myeupe iliyojipinda, katikati punje ya madini ya ganeti, nyekundu, iliyozungukwa na ukingo mweupe. Nikamweleza mwalimu kwamba mwamba huu ulipikwa kwa joto la nyuzi 800 hivi, zaidi ya kilomita 30 chini ya ardhi, kiasi cha miaka milioni 640 iliyopita, katika zama ambazo vipande vya bara la kale la Gondwana vilikuwa vinakuja pamoja. Nikamwambia wajiolojia John Dewey na Kevin Burke walishaeleza mwaka 1973 kwamba kanda za miamba ya kale za namna hii ni mabaki ya nyanda kama Tibet, zilizoliwa na mvua na mito mpaka mizizi yake ikabaki wazi. Alichonijibu ni kunionyesha gazeti lako. Lilikuwa limebandikwa ukutani, na kwenye kisanduku cha pembeni mmeitaja Uluguru kuwa mlima wa volkano! Mtoto hakupewa alama zake. Nilitoka pale na jiwe langu mkononi, nimekasirika kuliko nilivyowahi kukasirika kwa jambo la shule.

Na kwa kuwa nimeshaanza, niseme na hili. Miamba hiyo hiyo inapondwa kokoto kila siku, na sijaona mkiandika hata safu moja. Nyuso nzuri za mwamba, ambapo mwanafunzi angeweka kidole juu ya kilichokuwa chini kabisa ya ganda, zinalipuliwa kwa baruti na kuishia kwenye zege. Sipingi watu kujenga. Ninachodai ni kwamba kabla ya kulipua mtu apite na kamera na daftari, achukue sampuli, iandikwe imetoka wapi. Nyie mkisikia rubi au tanzanite mnakimbilia bei yake. Kwamba vito hivyo vilipikwa katika mgongano ule wa mabara ya kale, msomaji wenu hajawahi kuambiwa.

Ninachoomba ni hiki. Msichapishe sahihisho la mistari miwili chini ya matangazo ya vifo. Chapisheni mchoro, ukurasa ule ule wa kati, kwa kipimo cha sentimita 1 kwa kilomita 10. Ganda la kawaida la bara lichorwe kwa sentimita 3.5 hadi 4, la Turkana kwa sentimita 2, la Tibet kwa sentimita 7. Mwinuko wa Tibet juu ya usawa wa bahari utakuwa nusu sentimita tu, ndipo msomaji aone ni kiasi gani kimefichika chini. Bamba la India liwe na rangi yake likiingia chini ya Tibet. Picha ya Kilimanjaro iondolewe, badala yake muweke mwamba wa Uluguru wenye ganeti, na jiwe la kupiga picha nitawaletea mwenyewe ofisini. Nakala ya ukurasa huo ipelekwe kwa walimu wa jiografia, tukianzia na wa Morogoro.

Fundi sanifu mstaafu wa jiolojia,
Morogoro