Ditekta sawa, pampu mtoni hapana

Ndugu Mhariri,

Hapa Dar es Salaam kuna vijana wanaochangishana kununua ditekta (kifaa kinacholia kikigundua metali ardhini), kisha likizo ikifika wanapanda basi kwenda Chunya kubahatisha. Sina ugomvi nao. Dhahabu ya mchangani ya Lupa, hukohuko Chunya, imevuta watu tangu miaka ya 1920, na kifaa chenyewe hakiharibu kitu mpaka mtu ashike sururu (ingawa mara nyingi kinacholia ni msumari au kizibo cha soda).

Ila wauzaji wawe wakweli kwa wateja. Sheria ya Madini ya 2010 hairuhusu kutafuta madini bila leseni, hata kwa kujifurahisha. Ukikutwa kwenye kitalu cha mtu mwingine, risiti ya Kariakoo haitakusaidia.

Kinachonitia hofu hasa ni pampu za kufyonza mchanga mtoni ili kutafuta dhahabu. Kule California, Marekani, ambako kuchekecha dhahabu kwa karai ni burudani ya familia, pampu hizo zilisimamishwa mwaka 2009. Zinavuruga mazalia ya samaki na kutibua zebaki, ile sumu ya kunasia dhahabu, iliyolala chini tangu enzi za wachimbaji wa karne ya 19. Kwetu zebaki bado inatumika machimboni, na maji ya mito hiyohiyo watu wanayanywa. Isitoshe, Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Naishauri Tume ya Madini iwatengee hawa wa burudani eneo lao, kwa kibali cha siku chache, karai na ditekta tu, na ada iende kijijini.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam