Mheshimiwa Waziri, mkaguzi wa ndani asiombe mafuta kwa anayemkagua

Kwa Waziri wa Nchi anayeshughulikia TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa),
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Mwanga, Kigoma. Nimestaafu ukaguzi wa ndani katika halmashauri moja ambayo sitaitaja, maana bado nina jamaa wanaokula huko.

Dokezo sabili, yaani ombi fupi la ndani ya ofisi, nililoandika mara nyingi kuliko yote lilikuwa la mistari mitatu: naomba lita 40 za dizeli niende mwaloni, wanakoshushia samaki, kukagua ushuru wa dagaa. Lilikwenda kwa Mkurugenzi wa halmashauri. Mkurugenzi ndiye afisa masuuli, yaani fedha ninazokwenda kuzikagua ni dhamana yake. Safari moja lilikaa siku kumi na moja, likarudi na maneno mawili ya kalamu nyekundu: "Subiri kifungu", yaani fedha ya bajeti.

Nilipofika hatimaye, mwalo ulikuwa umefagiliwa. Mashine ya POS, ile ya kutolea risiti za ushuru, imechajiwa, karani kavaa kitambulisho, tena anacheka. Mama mmoja mchuuzi akaniita kando, akafungua pindo la kanga: vikaratasi vya ushuru vya miezi miwili, vyote vya kalamu ya mkono. Risiti ya mashine hata moja hakuna. Kila siku aliambiwa mtandao unasumbua.

Niliandika hoja ya ukaguzi. Ikajadiliwa kwenye kamati ya ukaguzi, na kwetu wajumbe wengi walikuwa wakuu wa idara wa halmashauri ileile. Ikafungwa kwa "maelezo yametolewa". Baada ya miezi mitatu nikakuta jina langu kwenye orodha ya uhamisho. Huenda ilisadifu tu.

Utasema yupo Mkaguzi Mkuu wa Ndani wa Serikali, pale Wizara ya Fedha, tangu 2010. Yupo, na nakala zangu alizipata. Lakini nakala haitii mafuta kwenye gari. Utasema yupo CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Huyo huja mwaka wa fedha ukishafungwa, na hao akina mama wameshatozwa. Tena hata yeye, anayelindwa na Katiba Ibara ya 144, tuliona: Profesa Mussa Assad, aliyekuwa CAG, aliondolewa 2019, na hadi Desemba 2022 ndipo Mahakama Kuu iliposema kuondolewa kule kulikiuka Katiba, katika kesi iliyofunguliwa na mwanasiasa Zitto Kabwe, mtoto wa hapahapa Kigoma. Sasa mimi, ambaye barua yangu ya uhamisho inachapwa asubuhi na kusainiwa kabla ya chai, ningeegemea ukuta gani?

Sikuombi chombo kipya, vipo vya kutosha. Naomba fedha za kitengo cha ukaguzi wa ndani zitoke nje ya mkono wa Mkurugenzi, na tathmini ya kazi na uhamisho wa mkaguzi visipitie kwake. Wakurugenzi watalalamika kwamba watakaa na mtumishi wasiyemtawala. Ndiyo, hilo hasa ndilo ninaloliomba.

Kijana aliyekalia kiti changu alinipigia juzi. Ana dokezo kwa Mkurugenzi, lita 30. Leo ni siku ya tisa.

Mkaguzi wa ndani mstaafu,
Mwanga, Kigoma.