Elibariki, nenda na sumaku

Moshi, Jumapili jioni

Elibariki ndugu yangu,

Bwana asifiwe. Za huko Sakina, Arusha? Najua utasema nakutafuta nikiwa na shida tu. Ni kweli, nina shida. Tangu tulipoachana pale Kibosho msibani sijakuandikia hata mstari, na simu zako mbili niliziona nikiwa juu ya bodaboda, nikasema nitampigia jioni. Jioni yenyewe ndiyo hii. Utanilaumu tukionana.

Kamati ya kanisa imetoa hela ya snea, ile ngoma ya drumset yenye waya kwa chini! Usicheke. Baba Furaha alisimama mwenyewe kwenye kikao akasema amechoka kusikia kengele ya shule katikati ya pambio. Unaikumbuka ile ya zamani, ya chuma, kina inchi 5, niliyouziwa kwa jina la alumini. Masika ya pili tu ikaanza kutoa kutu kwenye tundu za skrubu, maji ya rangi ya chai yakachuruzika mpaka kwenye stendi. Mpaka leo Mama Happy, akifungua daftari la mahesabu, lazima aulize: "Eti alumini nayo siku hizi inaota kutu?" Kikao kizima kinanigeukia.

Lakini kutu ningeivumilia. Sauti ndiyo inayoniua. Kanisa letu unalijua: ukuta wa saruji, vioo, juu bati tupu bila dari. Siku ya mvua bati linapiga dramu lenyewe, mimi nakaa tu. Sasa weka humo chuma chembamba cha inchi 5 kilichokazwa. Ukipiga "ta", bati linajibu "ngiii", na kabla halijanyamaza umeshapiga nyingine. Nimeweka pochi yangu juu ya ngozi, nimebandika karatasi ya gundi, nimefunga kipande cha khanga kwa chini. Bibi wa benchi la kwanza bado anaziba sikio la kulia kwa leso kila nikiingia kwenye kiitikio. Anafanya hivyo huku anatabasamu, ndiyo inaniumiza zaidi.

Sasa kuna kijana wa Mianzini anauza yake. Alikuwa anapiga hotelini, ameacha muziki, ameingia kwenye biashara ya parachichi. Anataka laki nne. Amenitumia picha, anasema ni brasi orijino. Picha inaonyesha kromu inang'aa, basi. Chini ya kromu, chuma, brasi na alumini zote zinafanana kama mapacha. Ndiyo maana nakuomba uende wewe.

Nenda na sumaku. Ile spika ya Kelvin iliyoungua, kama bado iko uvunguni, ing'oe sumaku yake. Iguse kwenye pipa lenyewe, yaani mwili wa ngoma, katikati, mbali na skrubu na rimu (ile pete inayobana ngozi), maana hizo ni za chuma kwa kawaida na zitakudanganya. Ikinata kwenye pipa, mshukuru kijana, kunywa chai yake kama ameipika, uondoke. Hata akishusha mpaka laki moja. Chuma ninacho tayari.

Isiponata, inyanyue. Brasi ni nzito, utaguna. Alumini kwa ukubwa uleule uzito wake ni kama theluthi tu ya brasi, ingawa rimu na skrubu zinaongeza kidogo. Angalia pia kromu kwa karibu: ikiwa imetoka vipele na kubanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu, usiogope. Kromu juu ya alumini ina tabia hiyo ikizeeka. Kwa macho ni kasoro, kwangu mimi ni kitambulisho. Ila kwa mwenye mali ikunjie uso, bei ishuke.

Ugomvi wangu na mwenyekiti uko hapo. Yeye anataka brasi kwa sababu tarumbeta zetu ni za brasi. Anasema brasi ikae na brasi. Nimemwambia, mzee, hiyo si harusi. Mimi siipingi brasi. Ina sauti nene, yenye joto, inajaa chumba vizuri. Lakini chumba chetu kimejaa tayari! Alumini ni kavu, inasema neno lake na kunyamaza. Nikamtajia John Bonham, mpiga ngoma wa Led Zeppelin, lile radi lake alilipiga zaidi kwa snea ya Supraphonic ya Ludwig, pipa la alumini, kina inchi 6 na nusu. Akaniuliza huyo Bonham ni wa usharika gani. Nikakosa jibu.

Hiyo inchi 6 na nusu ndiyo ninayoililia. Pima kina cha pipa bila rimu. Ikiwa 5 au 5 na nusu, sauti itapanda juu na kuwa na makali, waya za chini zitajibu upesi. Ikiwa 6 na nusu inapata tumbo, inashuka, inakaa chini ya sauti za akina mama badala ya kuzikata. Ya inchi 8 sitaki, ni nzito kubeba na vijana wangu wanapiga kidogokidogo, waya hazitaamka. Upana uwe inchi 14, yaani sentimita 35 na nusu hivi. Akisema ni 13, kataa, ngozi zake nitazitafuta mpaka nizeeke. Na upana upime mara mbili, kwa msalaba. Vipimo vikipishana ujue iliwahi kudondoka, haitakaza sawa kamwe.

Halafu achia kile kiwiko cha pembeni ili waya ziache kugusa ngozi, piga mara moja katikati, urekodi. Rudisha kiwiko waya zikaze, piga polepole kabisa karibu na ukingo, urekodi tena. Nitumie zote mbili, usizichanganye na zile za mbwa wenu anavyobweka.

Narudia: alumini ya inchi 6 na nusu, nachukua kwa laki tatu, laki tatu na nusu ukibanwa. Brasi ya 6 na nusu nachukua pia, nitabandika gel ya kupunguza mlio na kumpa mwenyekiti furaha yake. Chuma, hapana. Nikirudi kwa Mama Happy na kutu nyingine nitahamia kwa Walokole.

Utaweza Jumatano? Au siku hizi unaingia zamu ya usiku? Ukiipata, yule konda wa Kosta aliyetuletea magunia ya Shemeji bado yupo? Mwambie asiiweke chini ya mkungu wa ndizi. Mama anatembea bila fimbo sasa? Na kesi ya mbuzi wa Nderimo iliishaje, alilipa au bado anasema alikuwa wa kwake? Happy anakuja Krismasi au ndio vilevile?

Namba ya kijana nakutumia usiku huu. Usimwambie ni ya kanisa, atajua kuna kamati na hela imeshatoka.

Aika sana,
Godi