Mjomba, yale makande mbona hukuniambia?

Shikamoo Mjomba.

Nilipokuaga ulicheka mpaka kikohozi kikakushika. Ukasema mtu mzima na akili zake analipa nauli mpaka Lushoto, kisha badala ya kupanda gari la Mtae anakwenda kwa miguu, na juu yake anamlipa kijana wa kumwonyesha njia. "Sisi tulitembea kwa sababu gari halikuwepo." Basi nimerudi. Miguu iko kwenye beseni la maji ya chumvi, nakuandikia hapa hadharani ili na binamu zangu wasome.

Lalamiko langu ni moja. Miaka yote umetusimulia milima ya Usambara kama adhabu: baridi, utelezi, mzigo kichwani, magoti. Sawa, yote nimeyakuta. Ila habari za chakula ulizinyamazia kabisa.

Tuliondoka Lushoto saa moja asubuhi, mimi, yule rafiki yangu wa Tanga anayeongea kama redio, na kijana mwongozaji. Ukungu ulikuwa umekaa barabarani kama umepanga chumba. Ndani ya msitu wa Magamba mbega walituruka juu ya vichwa, wale weusi wenye manyoya meupe mabegani, na kila tawi walilolitikisa lilinimwagia maji shingoni. Rafiki yangu akakaa dakika kumi bila kusema neno. Sijawahi kuliona hilo tangu nimjue.

Tulipotoka msituni, kwenye ukingo wa shamba la kabichi, mama mmoja akatuita. Yeye hatujui, sisi hatumjui. Sufuria ilikuwa kwenye mafiga tangu alfajiri: makande, mahindi yamelainika, maharage yamepasuka, rojo zito la kushika kijiko. Akachukua parachichi, akalipasua kwa vidole, akakwangua nyama yake juu ya bakuli langu ikaanza kuyeyuka kwa moto. Chumvi ilikuja kwenye kipande cha gazeti. Tukala tumekalia magunia ya viazi. Pesa akazikataa, akapokea tulipomwambia ni ya sabuni ya watoto.

Najua utasema ni njaa tu. Sikatai, lakini kesho yake nilikuwa na njaa maradufu, nikala chapati baridi mgahawani, na zilikuwa chapati baridi.

Hapo kwenye magunia ndipo kijana alipotusimulia habari za Mbegha, mdomo umejaa. Kwamba alikuwa mwindaji kutoka Ungulu, akaja na mbwa wake, akawaua nguruwe mwitu waliokuwa wakimaliza mashamba ya watu, na nyama akaigawa. Wenyeji nao wakampa chakula cha shambani. Wakazoeana hivyo, nyama huku, chakula huku, mpaka wakamfanya mfalme, na ukoo wake wa Wakilindi ukatawala kutoka Vugha. Rafiki yangu akauliza kama leo mtu akileta nguruwe atapewa hata ubalozi wa nyumba kumi. Yule mama, ushungi kichwani, akasema Mbegha akipita kwake alete kitu kingine. Tulicheka mpaka kuku wakakimbia.

Mchana tulipita Lukozi. Malori yalikuwa yakipakia kabichi za kwenda Dar, karoti zimeoshwa zinang'aa kwenye matenga. Sitakawia hapo, soko ni soko. Usiku tulilala Rangwi kwa masista, ambao walitupa maji ya moto kwenye ndoo, supu ya mboga za bustani yao, na blanketi tatu tatu. Baridi uliyoisema ipo, nakuomba radhi kwa zile mara nilizodhani unatia chumvi.

Siku ya pili nilianguka. Udongo mwekundu baada ya mvua ni sabuni, nikateleza kwa makalio kama hatua ishirini, na kilichonisikitisha ni andazi lililokuwa mkononi. Vijana wawili waliobeba mbao kichwani wakanipita mbio, wamevaa ndala, wakanipa pole bila kupunguza mwendo.

Siku ya tatu jioni tukaingia Mtae. Mjomba, wewe umezaliwa mahali ambapo mlima umekatika kama mkate, unasimama ukingoni unaona mbuga ya Mkomazi yote imetandazwa chini na milima ya Upare imegeuka bluu, halafu ulichotuambia watoto wako ni kwamba kuna upepo! Tulikaa na vikombe vya chai ya tangawizi mpaka jua likaingia nyuma ya Upare. Nadhani chai ilipoa. Hakuna aliyeangalia.

Tangu bibi ahamie Korogwe hatuna mtu kule, kwa hiyo sikutegemea kujulikana. Lakini mzee mmoja aliyekuwa amekaa benchi lilelile aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikataja jina lako. Akanitazama, akaweka kikombe chini, akacheka kama ulivyonicheka wewe siku ile. Akauliza: "Yule mwizi wa mapichi ya mwalimu?"

Ndipo nilipoelewa kwa nini katika hadithi zako zote hakuna tunda hata moja. Amenisimulia mpaka habari ya kaptula iliyobaki kwenye ua, na jinsi ulivyorudi nyumbani umejifunga jani la mgomba. Hiyo sitaiandika hapa, binamu zangu wanipigie simu.

Gari la kurudi linaondoka Mtae kukiwa bado hakujapambazuka. Nililala njia nzima nimekumbatia ndoo mapajani. Mapichi yako yapo kwa dada, kwenye ndoo ya bluu, kula kabla ya Ijumaa maana yameanza kulainika. Haya nimeyanunua.