Kabla ya kukopa kununua hita ya pampu ya joto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wa Dar es Salaam wanaoshawishiwa kununua hita za maji za pampu ya joto kwa mkopo. Mimi ni mtunza hazina wa kikoba cha akina mama huku Segerea. Wanachama wetu wawili wameomba kukopa kwa ajili ya mtambo huu. Mmoja ana nyumba ya wageni, mwingine anautaka nyumbani kwake, na kazi yangu ni kuangalia kama fedha za wenzetu zitarudi.

Chombo chenyewe ni kizuri. Mtoto wa kaka yangu ni fundi wa friji na viyoyozi, na ndiye aliyenielewesha. "Shangazi, hii ni friji iliyogeuzwa kazi," aliniambia. Friji inatoa joto ndani na kulitupa nyuma, pale ukigusa unahisi moto. Pampu ya joto inachukua joto la hewa ya nje na kulisukumia kwenye tangi la maji. Umeme unaendesha kompresa na feni tu, ndiyo maana uniti moja inaweza kuleta joto la uniti tatu, na kwa hewa yetu ya pwani hata zaidi. Alinipeleka kuuona mmoja unaofanya kazi. Feni inapuliza hewa ya ubaridi, na chini maji yanadondoka kwenye ndoo, unyevu wa hewa ya Dar uliogeuka maji. Mwenye nyumba anayapigia deki.

Kwa hiyo muuzaji anayesema utaokoa theluthi mbili ya umeme wa maji ya moto hadanganyi. Ila aseme pia ni theluthi mbili ya shilingi ngapi.

Uniti moja ya umeme inapandisha joto la lita 86 za maji kwa nyuzi 10. Maji ya simtanki juu ya paa hapa kwetu yana nyuzi 28 hivi kabla hujayagusa, na ya kuogea yakifika 40 yanatosha. Chukua familia ya watu sita, kila mmoja anaoga lita 40 kwa siku. Hizo ni lita 240 za kupandishwa nyuzi 12, yaani uniti 3 na kidogo. Ongeza joto linalopotea tangini, tuseme uniti 4. Sisi tulio kwenye tarifa ya T1, yaani ya matumizi ya kawaida, tunalipa shilingi 292 kwa uniti, na ukiweka VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, inafika kama 356. Hita ya kawaida ya koili itakula karibu shilingi 43,000 kwa mwezi. Pampu ya joto itakula kama 14,000. Umeokoa 28,000 na ushee, kwa mwaka kama 340,000.

Fedha hiyo si ndogo. Lakini tuseme pampu imekuzidishia milioni 2 kuliko hita ya kawaida, pamoja na ufundi. Ukilipa taslimu, utairudisha kwa miaka sita hivi. Ukikopa benki kwa riba ya asilimia 15, riba ya mwaka wa kwanza peke yake inakaribia 300,000. Karibu kila shilingi uliyookoa kwenye LUKU umeipeleka benki, na deni lenyewe bado linakusubiri. Hili ndilo linaloniuma, kwa sababu wanaokopeshwa ni watu wa mishahara midogo, na wanaonyeshwa makato ya kila mwezi tu bila kuonyeshwa jumla.

Kuna nyumba ambayo hesabu inageuka. Mwanachama wetu wa nyumbani bado yuko D1, tarifa ya wenye matumizi madogo, analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Anatumia uniti thelathini na kitu. Ana mama mzazi aliyepooza, na binti yake anatarajia kujifungua, kwa hiyo maji ya moto hapo si anasa, kuna mgonjwa wa kuogesha na mzazi wa kukandwa. Akifunga hita ya koili, uniti 120 za ziada zitamtoa D1, na umeme wake wote, hadi wa taa, utapanda bei. Pampu ya joto itakula uniti 40 hivi, na akijibana anabaki palepale. Kwake faida inazidi 40,000 kwa mwezi. Muuzaji aliyemfuata hakuligusa hilo kabisa, na mimi naona ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote kwa mtu wa kipato cha chini.

Wa nyumba ya wageni hakunisumbua. Ana hita ndogo kila chumba, zinawaka usiku na mchana hata chumba kikiwa kitupu. Tangi moja la pampu ya joto likihudumia vyumba vyote linampunguzia sana hasara hiyo kwa mpigo.

Kuhusu kuchagua, fundi wetu alisisitiza maji ya kisima. Huku Segerea wengi tunachanganya ya DAWASA na ya kisima yenye chumvi, na chumvi inatoboa tangi. Ndani kuna fito ya magnesi inayoliwa badala ya chuma. Muulize muuzaji inabadilishwaje na kama anazo. Uliza pia gesi iliyomo. R134a na R410A mafundi wengi wa mtaani wanazifahamu, lakini R290 ni propani, inashika moto, usimwachie fundi asiyeisomea. Usiufunge mtambo ndani ya stoo isiyopitisha hewa, utabaki unavuta ubaridi wake wenyewe. Usiuweke pia chini ya dirisha la jirani, maana unanguruma. Umeme wa jioni ukishuka nguvu kompresa inaumia, kwa hiyo weka kile kikinga umeme tunachofungia friji.

Ombi langu kwa wauzaji ni kwamba kwenye karatasi ya bei waandike uniti zinazotumika kupasha lita 100, muda wa dhamana ya tangi na wa kompresa kila moja peke yake, na jumla ya fedha mteja atakayokuwa amelipa siku deni linapoisha. Shirika la Viwango (TBS) na EWURA wakilisimamia hili watatusaidia sana.

Kikoba kimepitisha maombi yote mawili. Wa nyumba ya wageni anapewa kiasi chote alichoomba. Wa nyumbani tunampa nusu, kwa sababu nusu nyingine ndugu zake wameahidi kuchangia kwa ajili ya mama yao, na tumemwandikia masharti kwamba asisaini mkopo wa muuzaji juu ya huo wetu.

Mtunza hazina wa kikoba,
Segerea, Dar es Salaam