Hema la mtu mmoja, angalieni mwamba kwanza

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo niongelee mahema ya mtu mmoja, maana vijana wengi siku hizi wanabeba begi mgongoni wanaenda Ukerewe au kulala juu ya mawe hapa Mwanza na dukani wanaangalia uzito tu. Sawa, hema la kilo 1 na kitu mgongo unalipenda, ila yale mepesi kabisa yanasimama kwa fimbo ya kutembelea na kamba, bila pegi, vile vijiti vya kuchomeka ardhini, hakuna hema, sasa kwenye mwamba pegi unachomeka wapi? Mimi yalinikuta, kamba nimezifunga kwenye vijiwe, saa 9 usiku upepo wa ziwa ukaja vikaburuzwa kimoja kimoja, nikashikilia turubai kwa mikono mpaka kunakucha. Chukueni lenye nguzo zake, linalosimama lenyewe, hata likiwa zito zaidi kwa gramu 300.

Halafu liwe na tabaka mbili, la tabaka moja asubuhi pumzi yako mwenyewe inageuka matone ya maji inakudondokea. Na neti iwe ya matundu madogo sana jamani, wale wadudu wa ziwani wakiona taa wanakuja kama moshi. Wenye maduka nao waturuhusu tulale ndani ya hema tunyooshe miguu kabla ya kulipa.

Msomaji wenu, Mwanza